Ndama, Baridi na Mkwe wa Nunduni

Vijana wangu wa nyumba ya betri huko mgodini, mimi kukaa sijui. Tangu nistaafu nimeuzunguka uwanja wangu hapa Kagongwa mpaka kuku wameacha kunikimbia, wananiona mmoja wao. Mke wangu, Mama Shija, huniambia, "Keti basi, mwanamume, unanitia kizunguzungu." Naketi. Mara lori la mpunga linapita likinguruma kuelekea Isaka, nami nimesimama tena kusikiliza kama injini yake ina afya. Juzi alichoka, akanitia kalamu mkononi. "Zungusha hiyo," akasema.

Basi naizungusha. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo mtavijua wenyewe, na mshahara hata mwenye kuupata hakuuona ukipita. Nitawaeleza habari za betri, kwa sababu nasikia bado mnagombana na madereva kila kipupwe kinapoingia: dereva anasema betri mbovu, fundi anasema dereva mbovu. Mimi niliukuta ugomvi huo, nikaulea, nikawaachia.

Nilifika mgodini upande wa Geita baada ya ile vita kubwa kwisha. Nilitoka Kahama kwa miguu, nikapitia Nyarugusu, viatu nimevishika mkononi ili visichakae kabla ya kazi. Nilikuja kuchimba dhahabu. Nilijiona narudi kwetu nimetajirika hivi kwamba watemi wangenipigia hodi. Mwandikishaji akanitazama, akauliza kama najua kusoma namba. Nikasema najua. Nilikuwa natoka darasa la usiku la watu wazima, ambako nilimaliza wa kwanza, ingawa ni kweli kwamba siku ya mtihani wenzangu wengi walikuwa na homa. Akanipeleka nyumba ya betri. Dhahabu niliiona mara chache sana, na kila mara ilikuwa kwenye jino la mtu.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Saidi, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye kofia ya kushonwa na mikono iliyobabuka kwa asidi. Siku ya kwanza hakuniambia karibu. Aliniambia, "Suruali hiyo unaipenda?" Nikajibu naipenda sana. Akasema, "Pole." Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imetoboka matundu mengi, ningeweza kuchekechea unga wa muhogo.

Kazi yetu ilikuwa kuilisha injini ya betri iliyovuta matoroli ya mawe kutoka ndani ya mlima. Haikuwa na moshi wala moto. Tuliiita Ndama, kwa kuwa ilikuwa fupi, ilikuwa na nguvu, na haikushiba. Jioni Ndama anarudi, tunamfunga kwenye waya za kuchaji, asubuhi anafunguliwa. Kazi inaonekana ya mchezo. Lakini kila aliyewahi kuifanya anajua wasiwasi wake: ukishamfungulia, amekwenda na nguvu ulizompa, hakuna pa kuongeza njiani. Gari la petroli likiishiwa, unaleta debe. Betri ikiisha chini ya mlima, unaleta watu wa kusukuma, na wale watu wanakutukana wewe, mama yako na aliyekufundisha kusoma.

Fundi Saidi alinikabidhi chombo ambacho ningeweza kulala nacho: mrija wa kioo wenye mpira wa kunyonyea kichwani, na ndani yake kipimo kinachoelea. Unanyonya asidi kidogo. Kipimo kikielea juu, betri imeshiba. Kikizama, ina njaa. "Usimwamini dereva," aliniambia. "Usiniamini hata mimi. Mwamini huyu." Akanifundisha pia jambo ambalo vijana wengi mnalipuuza. "Betri ni mtungi, na kila kitu ulichofunga kwenye injini ni mrija. Gurudumu linakunywa. Taa inakunywa. Honi inakunywa. Mtu anatazama gurudumu tu, halafu anashangaa mtungi umekauka."

Nikauliza, "Na baridi, Fundi?"

"Baridi hainywi. Baridi inaugandisha mdomo wa mtungi. Maji yamo, lakini hayatoki vizuri."

Dereva wa Ndama alikuwa Masanja, tukimwita Baba Kulwa. Zamani alikuwa mchimbaji, na jiwe lilimwangukia mguu wa kulia. Ulipona kwa kupinda. Hakuweza kushika koleo wala kubeba gogo, lakini kuketi na kuendesha aliweza, tena kwa ufundi mwingi. Angeweza kumpitisha Ndama katikati ya mayai yasipasuke. Kiti kile kilikuwa ndicho riziki yake. Mgodi mzima haukuwa na kiti kingine cha mtu mwenye mguu wa namna ile.

Sasa, mwaka mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kipupwe kilikuja kibaya. Mtasema Geita hakuna baridi. Njooni mketi bila kusogea, mmelowa kwa maji yanayodondoka darini, huku feni kubwa ya mgodi inawapulizia hewa ya alfajiri usoni, ndipo mniambie. Niliona mtu akipiga chafya, kofia yake ikaokotwa upande wa pili wa mlima. Mguu wa Masanja ukawa unakufa ganzi, asiweze kukanyaga breki. Ndipo Bwana Mashine, Mzungu aliyesimamia mitambo yote, akaamuru Ndama ajengewe kibanda cha mbao chenye kioo mbele, na ndani yake, miguuni pa dereva, kikafungwa kijiko, yaani jiko dogo la umeme la kumpasha joto, kilichonyonya betri ileile. Masanja alifurahi mno. Akaomba na taa ya pili ya mbele. Akapewa. Akaomba na honi kubwa zaidi. Akapewa.

Fundi Saidi alitazama yote hayo, mikono nyuma. "Mirija," akasema, akaenda zake.

Haikupita wiki, Ndama akaanza kukwama. Na hakukwama ovyo: alikwama siku zote mahali pamoja, safari za jioni, akitoka na mzigo. Ndani ya njia yetu palikuwa na kipande kilichopanda kuelekea nje, kisha kikashuka. Tulipaita Nunduni, kwa kuwa palikaa kama nundu ya ng'ombe. Ndama alipanda mpaka katikati ya Nundu, taa zikafifia zikawa rangi ya chungwa, akasimama. Watu wakaja kusukuma. Matusi nimeshayataja.

Nilikosa raha, nawaambia kweli. Nilikuwa nachaji, napima, napima tena. Chakula nilikula nimesimama. Kila jioni nilikuwa mlangoni mwa mgodi natega sikio, na nikisikia magurudumu yamenyamaza, nakwenda kuwaita wasukumaji.

Bwana Mashine akaja mwenyewe. Alikuwa mtu wa haki, ila hakupenda maneno mengi. Akatazama mshale wa kipimo cha umeme kibandani kijiko kikiwa kimewashwa, akautazama kikiwa kimezimwa. "Hii inakula sana," akasema. "Toa." Na alisema sawa: kile kijiko kilikuwa kinakula kuliko taa zote na honi juu yake. Tukakitoa. Tukatoa na taa ya pili na honi. Honi ya kienyeji tulimwachia, ya kupiga chuma kwa nyundo.

Ikabaki shida ya mguu. Fundi Saidi ndiye aliyeona njia. Nyumba yetu ilikuwa na kasha la nyaya za kupunguza umeme wakati wa kuchaji, na lile kasha lilikuwa moto kama kaango. "Joto hili linapotea bure," akasema. "Tulipakie." Tukatafuta mawe ya mtoni, tukayapanga juu ya kasha Ndama anapochaji, na asubuhi tukayafunga kwenye gunia na kuyaweka miguuni pa Masanja. Betri tukaifunika magunia nayo, na tukahakikisha kuchaji kunakwisha karibu na saa ya kuondoka, ili atoke na joto lake. Shikeni hilo, vijana: pasheni joto mkiwa bado mmefungwa kwenye waya, msingoje mpaka mmeondoka. Na mpasheni mtu joto, hewa yote ya kibandani muiache. Mguu ukikaa vizuri, pua itavumilia.

Masanja alisema mawe yale yalikuwa bora kuliko mke wa pili.

Jioni tukangoja Ndama afike mlangoni. Ndama akakwama. Nunduni. Palepale.

Bwana Mashine hakupiga kelele. Alivua kofia, akaivaa. Akasema, "Kijiko hakuna. Taa hakuna. Sasa ni dereva. Jumatatu nasimama mlangoni mwenyewe. Ikikwama, Masanja anashuka, anakwenda koleo."

Koleo kwa mguu ule! Kila mtu alijua maana yake. Angelishika mpaka Jumanne, kisha angerudi kwao Shinyanga kutazama pamba ikilimwa na wengine.

Kesho yake, Jumamosi, nikajipakia nyuma ya kibanda, sikuaga mtu. Nilitaka kuuona huo mshale wa umeme kwa macho yangu. Kwenda ndani tulikwenda vizuri. Tukafunga matoroli yaliyojaa, tukageuka. Tulipoanza kupanda Nundu, mshale umetulia, betri ina nguvu, nami moyoni naanza kuimba. Mbele nikaona taa ya kofia ya mtu aliyekuwa anapigilia magogo ya kuzuia dari. Na Masanja akavuta breki.

Akamsimamisha Ndama katikati ya mlima na mzigo wote! Akashuka na mguu wake ule mbovu, akachuchumaa matopeni mbele ya yule mtu, akapiga makofi taratibu, akaanza salamu za Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, baba. Ng'ombe hawajambo?"

"Ng'ombe hawajambo. Watoto?"

"Watoto hawajambo. Kulwa ameota jino."

Ilikwenda hivyo mpaka wakafika kwa mbuzi. Yule alikuwa Mzee Bundala, baba wa mke wa Masanja, fundi wa magogo. Kumbe mwanzoni mwa kipupwe dari ya Nunduni ilianza kulegea, naye akahamishiwa pale. Wiki ileile tuliyofunga kijiko! Sisi tukakilaumu kijiko peke yake. Kosa la kijiko lilikuwapo, nalo la mkwe likajificha nyuma yake.

Masanja akapanda, akaondoa breki. Magurudumu yakateleza. Akamwaga mchanga relini. Mshale wa umeme ukaruka mpaka mwisho wa kioo ukagonga, sijapata kuuona ukifanya hivyo, na ukakaa hukohuko huku Ndama analia kwa uchungu. Kuanza kuvuta mlimani ukiwa umesimama kunakula kuliko kupita Nundu nzima mara kadhaa kwa mwendo. Na yeye alifanya hivyo kila safari, siku nzima! Ya jioni ndiyo iliyokuta mtungi umekauka.

"Baba Kulwa," nikamwambia, "unamsalimu mkwe kila safari?"

"Nimpite nimeketi?" Alinigeukia kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Nyie watu wa Kahama mnawapita wakwe zenu mmeketi?"

"Lakini asubuhi umeshamsalimu!"

"Nikimwona, nimemwona."

"Jumatatu utashushwa, ndugu yangu. Mguu huo na koleo?"

Akasema polepole, "Nilipoangukiwa na jiwe, ndugu zake walimwambia amrudishe binti yake, mume amekuwa kilema. Akakataa. Sasa mimi nimpite kwa sababu ya betri?"

Kumwambia Bwana Mashine hakukuwezekana. Dereva anayesimamisha mzigo njiani apige salamu asingengojewa mpaka Jumatatu. Na Mzee Bundala hakuna aliyeweza kumhamisha, kwani dari ile ilimtii yeye tu. Fundi Saidi nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akaacha kucheka. "Hapo kipimo chetu hakifiki," akasema. "Hapo anatakiwa mshenga. Nenda wewe, una mdomo."

Jumapili nikaenda, na tumbaku ya kunusa mfukoni. Mzee Bundala alikuwa nje ya nyumba yake anabangua karanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na betri."

Akacheka, akaipokea tumbaku. Nikamweleza yote: mshale, mchanga, Jumatatu, koleo. Nilipokuwa naeleza hakubangua hata karanga moja. Nilipomaliza, kicheko kilikuwa kimekwisha usoni.

"Kwa hiyo mkwe wangu anipite kama anapita kisiki."

"Sivyo, Mzee. Nataka abaki kwenye kiti chake."

"Nikimwambia asinisalimu, nimemkana. Akiacha bila kuambiwa, amenikana. Wewe uliyesoma usiku, hilo mlifundishwa?"

"Hapana, Mzee. Tuliishia kwenye kugawanya."

"Basi gawanya uondoke."

Nikaondoka bila jibu. Usingizi siku ile haukuja hata kunichungulia. Jumatatu nilipima betri mpaka asidi yenyewe ikanichoka. Mawe yalikuwa moto, magunia yamefunika, kila kitu kinachomhusu fundi kilikuwa sawa. Kilichobaki hakikumhusu fundi, na hicho ndicho kilichonila. Mchana kutwa nilitembea kutoka kwenye nyumba ya betri hadi mlangoni, na kurudi. Naamini ile njia bado ina bonde. Nilimuuliza Masanja alipokuja kunywa maji, "Vipi Nunduni?" Akajibu, "Mzee yuko chini kwenye stoo ya magogo tangu asubuhi. Anapanda jioni." Basi jioni ndiyo yenyewe: betri ingeweza kuvumilia salamu moja, saa ya Bwana Mashine isingevumilia.

Safari ya mwisho nikapanda tena nyuma ya kibanda. Bwana Mashine alikuwa amesimama mlangoni, saa mkononi. Ndani tukafunga matoroli, mzigo mzito kuliko siku zote, au ndivyo nilivyouona. Tukaanza kurudi.

Nundu ikaanza. Mshale umetulia. Kisha ile taa, juu, upande wa kushoto, taa ya kofia ya Mzee Bundala, inapanda na kushuka kwa mapigo ya nyundo. Nikaona mkono wa Masanja unakwenda kwenye breki. Ukaishika. Akapiga chuma chake mara moja, ng'aa, kama ilivyo sheria.

Nyundo ya juu ikanyamaza. Taa ikageuka ikatutazama. Ikasogea kwenye kishubaka cha ukutani tunamojibanza matoroli yakipita. Halafu nikaona kivuli cha kiganja kikipanda usoni pake, na taa ikazimika.

Giza. Taa yetu moja iliangaza reli tu. Mkono wa Masanja ulikuwa bado juu ya breki. Nilisikia pumzi yake. Ndama anapanda. Kishubaka kinakuja, kinakuja, shimo jeusi tu, wala mtu hayumo. Tulipofika mkabala nacho mtu akakohoa mle ndani, kikohozi kidogo cha mtu mzima. Masanja akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kioo. Mkono ukaachia breki.

Tukapita juu ya Nundu, Ndama akaanza kuteremka, na mwanga wa nje ukatujia.

Bwana Mashine akatazama saa yake, akatazama taa ya Ndama, ambayo ilikuwa bado nyeupe. "Imefika," akasema. Fundi Saidi tayari alikuwa na mrija wake wa kioo, ananyonya asidi. Akauinua juu ili wote tuone, kipimo kinaelea. "Dereva abaki," Bwana Mashine akasema, akafunga saa.

Masanja hakumsikia. Alikuwa ameshuka. Akanivuta kando.

"Ulimwona mtu pale Nunduni?"

"Palikuwa na giza," nikamjibu. "Sikuona mtu."

"Hata mimi sikumwona."

Akachechemea mpaka mdomoni mwa mgodi, akauelekea ule weusi, akachuchumaa mbele ya watu wote, mguu mbovu umenyooka pembeni, akaanza kupiga makofi taratibu.

"Anafanya nini?" Bwana Mashine akaniuliza.

"Anashusha mzigo, Bwana," nikamwambia.